Chanjo ya Isti Kosti ni kumuambukiza ndama ugonjwa wenyewe?? Nielezeni kabla sijakubali

MamaNdama_Ruai

Hamjambo wafugaji. Mimi niko Ruai, nafuga ng'ombe wa maziwa hapa kwa ploti, ziro grezing, hawatokangi nje ata siku moja. Juzi nimezika mtamba wa Friesian ambaye nilikuwa nahesabu vile atapandishwa. Alianza kukataa chakula, mwili moto, nikaita jamaa mmoja wa hapa karibu akasema hiyo ni ndigana baridi akamdunga oksitetra, ile antibayotiki, akasema atakuwa sawa. Hakukuwa sawa. Tezi za chini ya masikio zikafura, akaanza kukohoa, mwisho mwisho povu inatoka kwa pua na anapumua na mdomo wazi, hiyo kitu nisingependa mtu aone. Daktari mwingine akakuja akiwa ashakufa, akampasua, mapafu yamejaa maji na povu hadi kwa koo, akaniambia mama hii ilikuwa Isti Kosti (East Coast fever, ile homa ya kupe) tangu siku ya kwanza.

Sasa huyo huyo daktari ananiambia nichanje ndama wangu waliobaki. Nikamuuliza chanjo ni ya nini akasema wanadunga vidudu vya Isti Kosti vikiwa hai, halafu upande ule mwingine anadunga oksitetra. Hapo ndio nimekwama. Kwanza, oksitetra si ndio ile ilishindwa na mtamba wangu, sasa itawezaje kuzuia ugonjwa ambao tumemwekea sisi wenyewe? Pili, ng'ombe wangu hawaendi malishoni, hiyo kupe ilitoka wapi? Na ati lazima tupatikane wafugaji wengi ndio aje, hawezi kuja kwa ndama wangu pekee. Nimeona kama naundiwa biashara lakini pia sitaki kuzika mwingine. Wenye wanajua mnisaidie, na tafadhali kwa lugha ya mtu wa kawaida.

VetiWaKamulu

Pole sana mama, na pole tena juu hiyo ya povu kwa pua ikishafika hapo ata daktari awe nani huwa tunaangalia tu.

Wacha nianze na hiyo ya oksitetra juu ndio inachanganya watu wengi na imeua ng'ombe wengi. Ndigana baridi inaletwa na Anaplasma, na hiyo ni bakteria, inaishi kwa seli nyekundu za damu, ndio unaona ng'ombe ufizi unakuwa mweupe ama manjano, kinyesi kinakauka. Oksitetra inaimaliza vizuri kabisa. Isti Kosti, wengine wanaita ndigana kali, ni kitu kingine, ni protozoa inaitwa Theileria parva, inaingia kwa seli nyeupe, zile askari wa mwili. Ikishashika na ng'ombe ameanza homa, oksitetra haitibu. Hapo unataka dawa inaitwa buparvakwoni, na unaitaka mapema, kama tezi zimefura na bado anakula kidogo. Sindano ya pili inarudiwa baada ya masaa 48 kama hajapoa. Kama mapafu yashajaa maji hata hiyo haikupi ahadi.

Kwa hivyo mtu akija kwako na ng'ombe ana joto, kabla hajafungua chupa, mwambie aguse tezi. Chini ya sikio na mbele ya bega. Kupe wa Isti Kosti anapenda ndani ya sikio kwa hivyo tezi ya karibu ndio inafura kwanza. Na kama anaweza avute maji kidogo ya hiyo tezi na sindano, apake kwa kioo, apeleke kwa hadubini. Dakika chache unajua. Wengi hawafanyi hivyo, wanadunga kile kiko kwa mkoba.

Sasa kwa chanjo. Oksitetra haiwezi kutibu lakini inaweza kuchelewesha. Ukiidunga ile ya kukaa mwilini muda mrefu, siku hiyo hiyo vidudu vinaingia, inavipunguza kasi, vinaongezeka polepole, na mwili wa ndama unapata nafasi ya kuvijua na kutengeneza jeshi lake kabla mambo hayajaharibika. Kwa mtamba wako ilikuja wakati jeshi lishazidiwa. Dawa ni moja, kilicho tofauti ni saa ya kuidunga.

BishaBisha_254

Mimi nitasema kile watu wanaogopa kusema. Hiyo chanjo ya Muguga, kile kituo cha utafiti wa mifugo, tumeisikia tangu tukiwa watoto. Miaka hamsini utafiti, majengo makubwa Kabete, magari, semina, na bado mama wa Ruai anazika mtamba. Chanjo gani hiyo mtu anakuwekea ugonjwa alafu anakuambia omba Mungu. Nunua dawa ya kupe, pulizia kila wiki, maliza mambo. Ya bure ni hiyo.

Kabete_Hadubini

@BishaBisha dawa ya kupe si bure na kupe wa siku hizi wengine wanaoga nayo wakitoka wananenepa, lakini tutarudi hapo. Mimi nasoma mambo ya vimelea huku Kabete, sitauza chanjo, sina hisa mahali. Acha nieleze vile kidudu chenyewe kinafanya kazi juu ukikielewa maswali yote ya mama yanajijibu.

Kupe ni yule wa kahawia wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus. Huyu anabadilisha ng'ombe mara tatu kwa maisha yake. Mdogo kabisa anakunywa damu kwa ng'ombe wa kwanza, anaanguka, anajibadilisha kwa nyasi, anapanda wa pili, anaanguka tena, anakuwa mkubwa, anapanda wa tatu. Akinyonya ng'ombe mwenye vidudu akiwa mdogo, anawabeba hadi hatua inayofuata na hapo ndio anamuambukiza mwingine. Lakini jike hapitishi Theileria kwa mayai, kwa hivyo vile vitoto vinaanguliwa ni visafi. Mkojo mwekundu sasa, ile ya Babesia, ni kinyume, kupe wa bluu anaipitisha hadi kwa mayai yake, watoto wanazaliwa nayo. (Na hiyo Babesia ni kati ya magonjwa ya kwanza kabisa dunia kuthibitisha kwamba mdudu anaweza kubeba ugonjwa, Theobald Smith na Kilborne huko Marekani mwaka wa 1893, kabla hata watu hawajakubali mambo ya mbu na malaria. Ng'ombe ndio walitufundisha.)

Jambo la maana kwa mfugaji ni hili: kupe akishika ng'ombe leo, vidudu kwa mate yake havijaiva. Vinaanza kuiva akishaanza kunyonya, inachukua siku tatu nne hivi ndio avimwage kwa wingi. Ndio maana zamani josho lilikuwa mara mbili kwa wiki mahali Isti Kosti ni kali, hawakuwa wanapoteza maji. Na ndio maana mama wewe wa ng'ombe wachache kwa boma, ukiingiza kidole kwa masikio kila siku asubuhi ukiwa unakamua na kutoa kupe, unafanya kazi ya maana kuliko yule anapulizia mara moja kwa mwezi akijisifu.

Sasa kikishaingia. Hapa ndio Theileria inashangaza hata watu wa saratani ya binadamu. Kinaingia kwa seli nyeupe, hakiiui. Kinaiambia igawanyike. Na seli ikianza kugawanyika kidudu kinajishikilia kwa zile nyuzi zinazovuta seli pande mbili, kwa hivyo kila seli mpya inatoka na kipande chake. Seli inageuka ya saratani kabisa, unaweza kuikuza kwa chupa maabara haikufi. Lakini ukiweka buparvakwoni, kidudu kikafa, seli inawacha wazimu. Hakuna kidudu kingine cha aina hii tunakijua, jamaa zake hawa Theileria tu, chenye kinageuza seli ya mnyama hivi na unaweza kurudisha nyuma. Ndio tezi zinafura, ndio baadaye seli hizo zinaenda hadi mapafu, maji yanajaa, na ng'ombe anakufa amezama akiwa nchi kavu.

Na kinga haitokani sana na zile antibodi za damu, inatoka kwa seli za kuua, zile zinatambua seli iliyogeuzwa na kuivunja. Sasa ili mwili ufundishe hizo seli za kuua lazima uone kidudu hai kikiwa ndani ya seli. Ndio sababu chanjo ya kidudu kilichokufa haikufanya kazi vizuri, ndio maana watu wa Muguga miaka ya 70 wakaenda na hii njia ya kuambukiza na kutibu pamoja. Si uzembe, ni vile ugonjwa wenyewe uko.

BishaBisha_254

Umeandika vizuri lakini hujajibu. Miaka hamsini. Mbona hatuna chupa ya agroveti kama ya chambavu ama ya miguu na midomo, unaweka kwa friji unadunga?

Kabete_Hadubini

Swali nzuri hiyo, na jibu si la kufurahisha.

Angalia kwanza hii ya sasa inatengenezwaje. Unachukua kupe wasafi wa maabara, unawalisha kwa ng'ombe mgonjwa wa Isti Kosti, wanajibadilisha wanakuwa wakubwa, unawaweka kwa masikio ya sungura wanyonye siku nne vidudu viive, alafu unawasaga. Ndio, unasaga kupe. Hiyo supu inachujwa, inagandishwa kwa nitrojeni ya maji. Na si aina moja, ni tatu zimechanganywa: Muguga, Kiambu 5, na Serengeti, hii ya tatu ilitoka kwa nyati. Zinachanganywa juu Theileria parva wa hapa na wa pale hawafanani, ukichanja na moja peke yake ng'ombe anaweza kushikwa na ile nyingine. Alafu kila bechi mpya lazima ijaribiwe kwa ng'ombe wazima kupata dozi, isiwe kali ikaua, isiwe hafifu ikakosa kufundisha. Bechi moja kubwa ya dozi milioni hivi ilitengenezwa ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, karibu na 2008, siku hizi kazi hiyo ya kutengeneza iko Lilongwe, Malawi. Si kitu kiwanda kinatoa kama soda.

Watu wamejaribu kutengeneza ya chupa. ILRAD, maabara iliyokuja kuwa ILRI, ilianzishwa Kabete 1973 kwa sababu ya magonjwa mawili tu, hii na nagana, ile ya mbung'o. Wakapata protini moja ya nje ya kidudu, p67, wakaitengeneza kwa maabara wakachanja ng'ombe. Ilikinga kiasi. Wengine wakapona wengine wakafa, na mfugaji huwezi kumuuzia nusu nusu. Mwaka wa 2005 jenomu nzima ya Theileria parva, yaani orodha ya jeni zake zote, ikachapishwa, jeni kama 4,000, ILRI na Wamarekani pamoja, watu wakaanza kutafuta ni protini gani hizo seli za kuua zinatambua. Wakapata kadhaa. Tatizo ni kwamba zile zinatambuliwa sana ndio hizo hizo zinabadilika kutoka kidudu hadi kidudu, na ng'ombe tofauti anatambua sehemu tofauti. Kwa hivyo hapana, watu hawajalala. Kidudu kina akili.

Maoni yangu, na nishaambiwa na wakubwa wangu kwamba ni maoni ya kijana: pesa nyingi ilienda kwa chupa ya kesho na kidogo ikaenda kwa kufikisha ile ya jana kwa watu.

Mzee_Wa_Josho

Vijana mmeongea vizuri. Mimi nilifanya kazi za majosho kabla sijastaafu na nikiwa kijana niliwahi kukaa Muguga muda kidogo, wakati huo ilikuwa ya Afrika Mashariki yote, Uganda, Tanganyika na sisi, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Niongeze kidogo kwa historia juu naona mtu anasema pulizia tu maliza.

Huu ugonjwa ulipelekwa kusini na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu hii mpaka Beira, mwaka wa 1901 na 1902 hivi. Huko sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na vita vya Makaburu vilikuwa vimemaliza waliobaki, kwa hivyo walihitaji wengine. Ng'ombe wa Rhodesia na Transvaal wakakufa kwa malaki. Wakamwita Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, kwanza alifikiria ni mkojo mwekundu wa aina fulani. Arnold Theiler ndiye alitenganisha vizuri, ndio maana kidudu kina jina lake. Na Lounsbury, huko Cape, akaonyesha ni kupe wa kahawia.

Afrika Kusini waliumaliza, ndio, mpaka miaka ya 1950. Lakini waliumalizaje? Josho kila baada ya siku chache kwa sheria, ua wa waya, ng'ombe asitoke shamba bila barua, na wakachinja mifugo ya shamba zima wakipata mgonjwa. Miaka hamsini ya serikali yenye nguvu na mfugaji asiye na sauti. Hapa kwetu nani atakubali? Na nyati wetu je, utawaogesha? Nyati anabeba Theileria maisha yake yote na haumwi. Hapo Nairobi Park wako, hapo Aberdare wako.

Majosho yetu yalikuwa yanafanya kazi serikali ikilipa dawa. Yalipokabidhiwa kamati za wenyeji, miaka ya mwisho ya 80 kuingia 90, mengi yalikufa. Maji yalichakaa, dawa ikapunguzwa nguvu ili pesa itoshe, na dawa hafifu ndiyo shule ya kupe. Leo unalalamika kupe hasikii dawa, ni mjukuu wa yule wa josho la maji matupu.

VetiWaKamulu

Mzee asante, hiyo ya dawa hafifu ningeiandika kwa ukuta wa kila agroveti. Watu bado wanapima na kifuniko cha chupa.

Mama hujajibiwa ile ya kupe ilitoka wapi. Niulize, nyasi unakata wapi?

MamaNdama_Ruai

Nepia niko nayo kidogo lakini haitoshi, kiangazi nanunua ile ya kukatwa kando ya barabara ya Kangundo na zingine zinatoka huko ndani Joska. Inaletwa na pikipiki imefungwa mafungu. Kumbe?

VetiWaKamulu

Ndio hapo. Hiyo nyasi imepitiwa na ng'ombe wa kila mtu, mpaka wale wanaletwa mjini wakati wa ukame. Kupe wanapanda juu ya majani wakisubiri, anakatwa pamoja na nyasi, analetwa kwa pikipiki mpaka kwa mlango wa ng'ombe ambaye hajawahi kuona kupe maisha yake, na huyo ndio anakufa haraka kabisa. Kupe mkubwa ambaye hajala anaweza kukaa nyasini mwaka na zaidi. Ianike kwanza kwa jua, usiweke fungu mbichi kwa hori. Si dawa kamili lakini inasaidia.

OleKiserian

Sopa. Sisi huku Kajiado tunajua hii kitu tunaiita oltikana. Naskia mnabishana kama chanjo ni ya kweli, mimi naona hiyo imeisha zamani. Jamaa zetu upande wa Tanzania, Monduli, Simanjiro, Ngorongoro, walianza kuchanja mwisho mwisho wa miaka ya 90, Kenya ikiwa bado inasita juu watu wa serikali waliogopa kuleta aina za vidudu vya kwingine. Sasa wafanyabiashara wa ndama walikuwa wanavuka wananunua wale wenye hereni ya sikio, ile ya kuonyesha amechanjwa, na wanalipa zaidi. Mzee wa Kimaasai hawezi kulipa pesa ya ziada kwa ndama kwa ajili ya hadithi. Zamani kati ya ndama wa msimu mmoja ulikuwa unahesabu wale utazika, wazee walichukulia ni desturi. Waliochanjwa wanabaki.

Lakini nataka muandike na hii. Kama unalisha karibu na nyati, usifikirie hereni ni hirizi. Kidudu kinachotoka kwa nyati moja kwa moja ni tofauti, ng'ombe aliyechanjwa anaweza kukufa. Tumeona huku karibu na mbuga.

Kabete_Hadubini

OleKiserian uko sahihi kabisa na hata utafiti unakubaliana na wewe, ng'ombe waliochanjwa wakiwekwa mahali kuna nyati kinga inateleza vibaya, hata kama ile Serengeti kwa mchanganyiko ilitoka kwa nyati.

Na juu umetaja ndama kubaki, kuna kazi moja ilifanywa Busia mimi naipenda sana. Walifuata ndama 548 wa kienyeji kutoka kuzaliwa mpaka mwaka mmoja, wakipima damu kila mara. Wengi walipata Theileria parva lakini waliokufa ni wachache kuliko vile ungetarajia. Wakaangalia kwa nini, ikachapishwa 2015. Kumbe ndama ambaye alikuwa pia na Theileria wale wapole, wale jamaa za parva ambao hawaui, Theileria mutans na velifera, kifo cha Isti Kosti kwake kilipungua kwa asilimia 89. Yaani kuwa na wale wapole kulimkinga na huyu mkali. Sasa fikiria ng'ombe wa ziro grezing: hana kupe, hana wapole, alafu siku moja pikipiki inashusha fungu. Ndio maana mimi nasema mfugaji wa mjini anahitaji chanjo kuliko hata mtu wa Kajiado, na ndio huyo huyo haipati.

Kuna na kingine, 2022, ILRI na watu wa taasisi ya Roslin ya Scotland walifuata uzao wa fahali mmoja wa Boran ambao wengi wao wakipewa Isti Kosti wanaugua kidogo wanapona bila dawa. Wakapata sehemu ya jeni inayohusika, FAF1B. Siku moja pengine utanunua mbegu ya fahali mwenye hiyo jeni. Lakini siku moja si kesho, usisubiri.

BishaBisha_254

Sawa nimesoma yote. Mzee heshima yako. Nakubali ya nyati na majosho. Bado nauliza kama chanjo inaacha kidudu ndani ya ng'ombe si mnaeneza ugonjwa mtaani? Ng'ombe wangu ambaye hajachanjwa akiumwa na kupe kutoka kwa wa jirani aliyechanjwa?

Kabete_Hadubini

Inaweza kuacha, ndio. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki mbebaji, na kupe akimnyonya akachukua. Hiyo ndio ilikuwa hoja kubwa ya waliopinga. Lakini ng'ombe aliyeugua akapona pia ni mbebaji, na mahali kama hapa Nairobi na viunga vyake kidudu kiko tayari, hutaleta kitu kipya. Mahali ambapo hakuna Isti Kosti kabisa, hapo singechanja mimi. Na ndio sababu nzuri ya mtaa mzima kuchanja pamoja badala ya mmoja mmoja.

MamaNdama_Ruai

Jameni nawashukuru sana. Sasa mniambie ile ya lazima tuwe wengi. Na nikishachanja naweza kuacha kupulizia?

VetiWaKamulu

Kuwa wengi ni kwa sababu ya mtungi. Chanjo inakaa kwa nitrojeni ya maji, ile mitungi ya wale wa kupandisha kwa sindano. Iko kwa vijirija vidogo vidogo, kimoja kikishayeyushwa kina dozi kama 40, na kikishayeyushwa lazima zitumike masaa machache siku hiyo hiyo, hairudi kwa mtungi. Akikujia kwa ndama wako watatu, zingine anamwaga. Sasa hesabu wewe nani atalipia. Mkiwa mtaa mzima, mnakubaliana Jumamosi moja asubuhi, anamaliza kabla ya saa sita. Huku Kamulu tulifanya kupitia kikundi cha maziwa, wale wa kupeleka maziwa kwa kituo kimoja cha kupoza, ndio ilikuwa rahisi, juu kila mtu anajuana na deni linakatwa kwa maziwa.

Na usiache kupulizia. Chanjo ni ya Isti Kosti peke yake. Ndigana baridi, mkojo mwekundu, maji moyo, zote bado ziko kwa kupe. Unaweza kupunguza, ukauliza daktari wako kulingana na kupe wa hapo, lakini kuacha kabisa hapana. Tena baada ya chanjo wiki tatu nne za kwanza ndio hutaki kabisa aumwe na kupe, kinga bado inajengwa.

Mambo mengine mawili. Ndama akiwa mgonjwa ama amedhoofika siku hiyo asichanjwe, mwambie daktari ukweli, usimfiche juu umeshalipa. Na oksitetra ipimwe kwa kilo. Ile ya asilimia 30 ni mililita moja kwa kila kilo 10, kwa hivyo ndama wa kilo 60 ni mililita sita. Mtu akikadiria na macho akasema huyu ni kama 40, amempa vidudu vyote na dawa pungufu, hapo ndio utasikia chanjo iliua. Kuna utepe wa kupima kifua, hauna gharama, umuulize kama ako nao kabla hajafungua mtungi. Kutoka siku ya kumi hivi mpaka wiki ya tatu uwe unapima joto asubuhi, wachache huwa wanashikwa kidogo, na daktari awe na buparvakwoni tayari, si kwenda kuitafuta mjini.

MamaNdama_Ruai

Nimeandika kwa kitabu. Jirani zangu wawili wameshakubali na kuna mwingine wa Njiru, wote pamoja tuko na ndama kumi na wawili. Bado hatujafika.

NjiruMaziwa

Huyo wa Njiru si mimi lakini niko na sita, na shemeji yangu Mihang'o ako na wanne. Mnafanya lini? Na huyo daktari wenu ako na hiyo utepe ama tubebe yetu?

OleKiserian

Mama kama mtakosa kufika, wanaokuja Kitengela huwa wanazunguka siku za soko. Uliza huko, wasiwamwagie dozi chini.